Saa Inayokuja Mara Mbili

Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zote za Uingereza hurudishwa nyuma. Ikifika saa nane usiku, inakuwa saa saba tena. Walio vitandani hufurahi, wamepata saa moja ya usingizi bila jasho. Sisi wa zamu ya usiku tunaifanyia kazi saa hiyo moja mara mbili.

Nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee mjini Leeds, mwaka wa nne huu. Mwenzangu wa zamu ni dada mmoja wa Bukavu, na usiku huo ukifika hulalamika kwa Kiswahili chake cha Kongo mpaka chai inapoa. Mimi silalamiki. Ile saa saba ya pili nimeifanya yangu. Wazee wamelala, nguo zimekunjwa, daftari la zamu limejazwa, na kengele za vyumbani, Mungu akipenda, zimetulia. Navuta kiti karibu na kipasha joto, natoa kitabu.

Wala si kitabu chochote. Msimu huu nataka maiti. Kama hakuna maiti, basi angalau nyumba kubwa yenye chumba ambacho watu wa nyumbani wanakipita haraka haraka.

Majira haya wafasiri wanayaita vuli, na mimi neno hilo linanikaa vibaya mdomoni. Vuli kwetu Tanga ni mvua. Ni harufu ya vumbi lililorowa, ni mahindi yanayopandwa kwa wasiwasi maana mvua zenyewe hazina ahadi, ni kumbikumbi wanaojaa kwenye taa hadi mama anaamuru izimwe. Vuli ni kitu kinachoanza. Huku Oktoba na Novemba ni kitu kinachokwisha: majani yanapukutika, yanaoza njiani, yanateleza kama maganda ya ndizi. Na jua, sijui nalielezeaje. Nyumbani mwaka mzima linazama saa kumi na mbili na kitu, unaweza kupika futari bila kutazama saa. Hapa, Jumamosi Maghribi inaingia saa kumi na moja na dakika arobaini, kesho yake saa zimerudishwa, inaingia saa kumi na dakika arobaini, na ikifika Desemba ni kabla hata ya saa kumi. Adhuhuri, Alasiri na Maghribi zinafuatana kama watu kwenye foleni ya maji. Ukichelewa kazini kidogo tu, umeshapitwa na mbili.

Nasema haya kwa sababu nilisoma riwaya za Kiingereza za upelelezi tangu sekondari, na nadhani sikuzielewa. Nilielewa nani kamuua nani. Ila ule ukungu, zile jioni zisizoisha, ule upepo unaopiga madirisha, niliviruka kama mtu anavyoruka maelezo ya mandhari ili awahi mtihani.

Chukua The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle. Ilitoka kwa sehemu katika jarida la Strand, kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902. Miaka minane kabla, mwandishi alikuwa ameshamuua mpelelezi wake, Sherlock Holmes, kwa kumtumbukiza kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi, maana alikuwa amemchoka. Wasomaji hawakumsamehe. Kwa hiyo alipopata hadithi ya mbwa wa kutisha wa nyika ya Dartmoor, alimrudisha Holmes kwa ujanja, akidai kisa hiki kilitokea kabla ya kifo. Ni kama mchezaji aliyekwisha kuagwa halafu mashabiki wakamwona tena uwanjani.

Lakini jambo ninalolipenda katika kitabu hiki ni kwamba Holmes hayupo. Kwa sehemu kubwa ya katikati amebaki London, au ndivyo tunavyoambiwa, na rafiki yake Watson ndiye anayekaa kwenye jumba la Baskerville akiandika barua. Barua ya kwanza ina tarehe 13 Oktoba. Ni riwaya ya majira haya haya. Watson anafika na farasi njia imejaa majani ya manjano, na anaambiwa kuna mfungwa muuaji ametoroka gerezani, yuko huko nje nyikani. Usiku wa kwanza tu anasikia mwanamke analia kwa kwikwi ndani ya nyumba. Asubuhi anauliza, mtumishi anakana. Na macho ya mke wa mtumishi yamevimba.

Hapo Conan Doyle hajatoa mbwa bado. Hajatoa hata damu. Katoa macho mekundu ya mwanamke asubuhi, na mwanaume anayesema uongo bila kutikisika. Wallahi hilo linanitisha kuliko meno.

Mwaka wangu wa pili hapa, mwezi wa Novemba, nilikuwa nimefika pale Watson anapoamshwa na nyayo za mtu anayenyata koridoni. Anafungua mlango kidogo, anamwona yule mtumishi, Barrymore, ana mshumaa mkononi, hana viatu. Anamfuata. Barrymore anaingia chumba kitupu, anasimama dirishani, anauinua mshumaa kwenye kioo na kuangalia gizani.

Kengele ya chumba namba 9 ikalia.

Chumba namba 9 hakikuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa amefariki siku sita nyuma, tulikuwa tumeshatandua kitanda, na nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye mifuko miwili zikisubiri mwanawe aje kuzichukua. Dada wa Bukavu alikuwa ghorofa ya chini. Nilikiweka kitabu kifudifudi juu ya meza. Nilisoma Ayatul Kursiy, sitaficha, nikaisoma yote bila kuruka, ndipo nikaanza kutembea. Taa za korido zile za usiku zinawaka zenyewe ukizikaribia, moja baada ya nyingine, na mbele yako daima ni giza.

Alikuwa bibi wa chumba namba 7. Gauni la kulalia, miguu mitupu, kashika ile kamba nyekundu ya kuita msaada kama mtu aliyeshika bomba ndani ya daladala. Alikuwa anatazama dirishani. Nje hakukuwa na kitu ila ukungu na taa moja ya maegesho, imezungukwa na duara la manjano.

Akaweka kidole mdomoni mwake kuninyamazisha. Akasema mume wake anatoka zamu, atapita hapa hapa.

Mume wake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Picha yake iko chumbani kwake, na alishafariki kabla mimi sijazaliwa. Sikumwambia kitu. Nilisimama naye. Tulitazama ukungu wote wawili, labda dakika tano, labda kumi, halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mume, kwamba bila shaka kapitia kilabuni. Nikamshika mkono tukarudi. Miguu yake ilikuwa baridi kama samaki wa friji. Nilimvalisha soksi jozi mbili.

Nilipokirudia kitabu nikasoma kilichofuata, na nikacheka peke yangu. Kwa sababu ule mshumaa wa Barrymore (kitabu kina zaidi ya miaka 120, nadhani naruhusiwa kusema) si uchawi wala njama ya kuua. Yule mfungwa aliyetoroka ni mdogo wake mke wa Barrymore. Dada mtu anajua mdogo wake ni muuaji, na kila baada ya usiku mmoja mume anawasha mshumaa kumwonyesha kwamba chakula kipo. Kilio kile cha usiku wa kwanza ni cha dada anayemlilia mdogo wake. Nyumba nzima imejaa hofu, na chini ya hofu kuna jambo la shemeji.

Tangu usiku ule nasoma vitabu hivi nikitafuta shemeji yuko wapi. Ukungu naujua sasa: ni pazia. Ukilivuta unakuta mambo ya nyumbani, nani kazaliwa na nani, nani alikatwa kwenye urithi, nani anamlisha nani kwa siri. Hata siri kubwa ya Baskerville yenyewe inafunguka Holmes anapotazama picha ya zamani ukutani wakati wa chakula. Hapo nanyamaza, nenda kasome.

Rebecca ya Daphne du Maurier, ya 1938, niliisoma wiki mbili baadaye kwa macho hayo hayo. Waingereza wanaizungumza kama riwaya ya mapenzi na jumba la Manderley huko Cornwall. Mimi niliisoma kama mwanamke wa Tanga: ni kisa cha uke wenza, tena uke wenza mbaya kuliko yote, kwa sababu mke mkubwa amekufa. Mke mwenza aliye hai unaweza kumnunia, kumpiga mafumbo kwa kanga, hata kugombana naye uani mkamaliza. Marehemu utamfanya nini? Vyombo ni vyake, maua ni ya chaguo lake, na mtumishi mkuu wa nyumba, Bi Danvers, bado anazitunza nguo zake za ndani. Msimulizi hatajwi jina lake hata mara moja kitabu kizima. Kuna ukurasa, asubuhi baada ya karamu, ukungu umefunika bustani, Bi Danvers amesimama naye kwenye dirisha la ghorofani na kumnong'oneza kwa upole kwamba angejirusha tu yaishe. Nimeusoma mara nne. Sehemu ya mwisho ya kitabu, mambo ya boti na mahakama, inanichosha kidogo, lakini dirisha lile ninalo.

Sasa swali lililonikera majira yale yote: na sisi je? Nyumbani hakuna ukungu, isipokuwa Lushoto na nchi nyingine za milimani. Jioni yetu ni fupi, jua likishatua si muda giza limeingia, hakuna nafasi ya mwandishi kulivuta kurasa kumi. Usiku haurefuki. Mwandishi wa pwani analitoa wapi pazia?

Nikamkumbuka mjomba wangu na sanduku lake la bati.

Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na chini ya kitanda alikuwa na sanduku lenye vitabu na wadudu wa nondo kwa idadi sawa. Humo ndimo nilimokutana na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Kitabu kilichapishwa 1960, baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, na ndicho kilichomleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, anayependa kuwaza kuliko kukimbia, na pembeni yake rafiki yake Najum. Anayemjua Holmes ataona wametoka nyumba moja. Abdulla hakuficha undugu huo.

Nilikisoma kwa taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika na mvua ya vuli ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilipokaribia mwisho, kurasa hazikuwepo. Zilikuwa zimechanwa, labda zilifungia karanga. Nikalia. Mjomba akasema usilie, mimi nakumbuka, akanisimulia mwisho mzima, kwa sauti, kwa mikono, hadi yule muuaji anavyokamatwa. Muuaji alikuwa mtu aliyekopa pesa akagoma kulipa. Nililala fofofo.

Nilipofika chuo Dar nilikipata kitabu kizima kwa muuza vitabu vya mitumba pale mitaa ya Posta. Muuaji wa mjomba hakuwa muuaji wa kitabu. Hakukaribia hata. Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka ule mjomba alikuwa anamdai jirani fulani pesa ya mabati. Nilimpigia simu nikamshtaki. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, akaniambia: "Mjomba, usiku ule ulitaka ukweli au ulitaka kulala?"

Nimekiagiza tena nikakisoma hapa Leeds, na jibu la swali langu liko kwenye jina la kitabu. Maiti inakutwa mzimuni. Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, 1918. Huko ardhi ni mawe ya matumbawe yenye mapango, na kwenye mapango watu hupeleka ubani, marashi na vitambaa, wakaomba shida zao. Si mahali pa kutisha mchana. Ni mahali ambapo mtu hapiti akiongea kwa sauti. Mwandishi wa Kiingereza anahitaji mwezi mzima wa Novemba kumnyamazisha msomaji wake, Abdulla alihitaji neno moja. Alifanya hivyo tena 1968 na Kisima cha Giningi, na mtu yeyote wa visiwani anajua Giningi ni kwa wachawi, huhitaji kuambiwa zaidi.

Halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake, na hamkemei mtu kwa kuogopa mizimu. Anauliza tu maswali ya nyumbani. Nani alilala wapi, mama yake nani, mtoto huyu anafanana na nani. Hadithi za Abdulla zimejaa nasaba zilizofichwa kiasi kwamba mara nyingine namwona anaivuta kamba waziwazi: ndugu waliopotezana wanakutana kwa bahati ambayo hata kwenye daladala ya Mwembechai haipatikani. Namsamehe. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti na baadaye wa jarida la Mkulima, alikuwa bwana afya. Hebu fikiria kazi ile. Bwana afya anabisha hodi, anaingia uani, anafunua mitungi, anachungulia jikoni na chooni, na wenye nyumba wanajibu maswali yake huku wakitamani aondoke. Anaona godoro la ziada. Anaona nani kanyamaza. Sidhani kama kuna chuo kizuri zaidi cha riwaya za upelelezi.

Wengine waliofuata walikwenda mjini. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, 1965, aliileta hofu kwenye chombo cha ofisini. Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, ni mbio, ndege, hoteli na mapambano ya ukombozi kusini mwa Afrika. Naviheshimu, lakini si vya usiku wa namna hii, na wanawake wa Musiba ni wazuri mno kiasi kwamba siamini kama wanapata njaa. Ben Mtobwa yuko karibu zaidi nami, hasa Dar es Salaam Usiku, 1990: pale mji wenyewe ndio jumba, na vyumba vyake vilivyofungwa vinajulikana na wahudumu wa baa na madereva wa teksi tu. Hicho nilikisoma kwenye basi namba 49, na nilipitiliza kituo.

Cha mwisho kwenye rafu yangu ya msimu ni The Name of the Rose ya Umberto Eco, ya 1980, ambacho watu hukinunua wakakiacha ukurasa wa hamsini. Kinaanza mwishoni mwa Novemba 1327, kwenye monasteri ya milimani kaskazini mwa Italia, watawa wanakufa mmoja mmoja, na mpelelezi ni mtawa wa Kiingereza aitwaye William wa Baskerville. Eco alikuwa anatukonyeza. Siku saba za hadithi zimegawanywa kwa saa za sala, na hapo mimi nilikuwa nyumbani: mtu anauawa kati ya sala moja na nyingine, ndivyo inavyopimwa, kama vile bibi yangu alivyokuwa akisema jambo fulani lilitokea baina ya Alasiri na Maghribi. Zile kurasa ndefu za mabishano ya watawa kuhusu umaskini wa Yesu, ziruke ukichoka, sitakushtaki. Nakupa tahadhari moja tu na sitaieleza: ukiwa na tabia ya kulamba kidole unapofungua kurasa, iache kabla ya siku ya sita. Mimi nililambia kidole Mzimu wa mjomba, wenye chumvi na vumbi la sanduku la nondo, na hadi leo nikifungua kitabu cha zamani kidole kinapanda chenyewe mdomoni halafu kinasita.

Mwaka jana, katika ile saa saba ya pili, dada wa Bukavu aliniomba nimsomee. Alichoka kuniona nikitabasamu peke yangu. "Ungali unasoma ile kitabu ya imbwa?" Nikamwambia hapana, hiki ni cha Kiswahili, cha Unguja. Nikaanza Mzimu kwa sauti ya chini. Maneno mengine ilibidi nimfafanulie, na mengine yeye ndiye aliyenifafanulia, kwa namna ambayo Abdulla asingekubali. Bibi wa chumba namba 7 alitoka na soksi zake akakaa nasi. Hakuelewa neno. Kila niliposita kumeza chai alinionyesha kwa kidole: endelea. Tuliendelea usiku baada ya usiku mpaka Desemba, tukabakiza sura mbili, dada akahamishiwa zamu ya mchana.

Wiki hii amerudishwa usiku. Ratiba imetoka, Jumamosi tuko wote, na saa inarudi nyuma. Jana kanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake watoto wanapiga kelele na kitu kinakaangwa (kwao yaya ni dada): "Yaya, usisahau kuniletea muuaji yangu. Na usinidanganye."

Kitabu nimeshakitia kwenye mkoba. Nimehesabu kurasa, zote zipo.